Pombe Niliyorudisha Muchana Kweupe

Ninyi vijana wenye kusoma hii, mukae kwanza. Musisome mukitembea, musisome mukicheka na telefone mukononi. Miye ni koko wenu hata kama sikuwazaa wote. Nilisoma kwa masista mupaka mwaka wa tatu wa primeri, kisha baba akasema musichana akijua kuhesabu mafungu ya maharagi imetosha. Kwa hiyo ninaandika vile ninasema. Mwenye kutaka Kiswahili cha redio, aende kusikiliza redio.

Sitaandika jina la mutu. Avenue yetu, mutaa huu wa Kadutu, mashariki ya Kongo, watu wataijua, na wenye kujijua watajijua. Wengine wataniuliza: koko, mbona unaweka haya ya nyumba yako mbele ya watu? Ile haya ilikwisha kupita mbele ya watu, muchana, juu ya kichwa changu. Kuiandika ni kazi ndogo.

Ilikuwa wakati wa kuvuna maharagi. Niko na kashamba huko Mumosho, karibu na muto Ruzizi, kipande kilichobaki cha shamba la marehemu bwana yangu. Nilikuwa nimeenda kuvuna, nikalala kwa ndugu yangu mudogo mupaka maharagi yakakauka. Nilirudi na moto, ile pikipiki ya kukodi, mufuko umefungwa nyuma yangu, mugongo unalia. Moto ikaniacha chini ya avenue sababu mvua ilikula njia, hata mbuzi anapanda kwetu akifikiri. Nikalipa kijana wa kubeba mufuko, nikapanda polepole, nikiwaza tu kuvua viatu.

Nilipoingia kwenye parsele ya nyumba yangu nikaona bidon, dumu la njano, katikati ya kiwanja. Tupu. Kando yake jani la ndizi, bado bichi, lile lenye kuziba mudomo wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, wakati inaletwa kwa heshima. Na vikombe vyangu vya wageni, vile ninaficha kwenye sanduku, vilikuwa chini, nzi ndani. Watoto wangu wawili wanaume walikuwa wamekaa chini ya paa. Mukubwa amelegeza mukaba.

Nikauliza, "Nani anaoa?"

"Karibu, mama," mukubwa akajibu. "Umefika salama?"

Mutu ukimuuliza naye akakusalimia, jua iko kitu.

"Ninauliza nani anaoa."

Mudogo akatazama viatu vyake. "Mama, kaa kwanza. Tulimaliza mambo vizuri. Bila kelele."

"Mambo gani? Ya nani?"

Basi wakaniambia, mumoja akianza, mwengine akimalizia, kama watoto wenye kuvunja sahani. Mujukuu wangu, ule binti wa marehemu binti yangu, mwenye miye nilimulea tangu ananyonya, alikuwa na mimba. Alikuwa bado anakaa kwenye banki, lile benchi la shule, mwaka wa tatu wa sekondari. Mwenye kumupa mimba ni kijana wa jirani yetu wa chini, mutu mukubwa, ndevu zote, mwenye kununua zaabu huko kwenye machimbo ya Luhwindja na kurudi na soda kwa watoto wa avenue. Alimuita amuletee maji nyumbani pale wazazi wake walikuwa kanisani. Kisha akafunga mulango.

"Alimushika kwa nguvu?" nikauliza.

Mukubwa akaanza kukaza mukaba.

"Ninyi wawili, muko na midomo ya kunywa, hamuna ya kujibu?"

"Kwa nguvu, mama," mudogo akasema. "Yeye mwenyewe alisema hivyo kwa bibi yangu, muke wangu. Lakini watu wake walikuja vizuri. Wazee, na kofia mukononi. Walikubali mimba. Ngombe itakuja. Atamuoa."

"Na ninyi mukakunywa."

"Mama, nani atamuoa mutoto mwenye amezalia nyumbani?" Mukubwa sasa alikuwa amesimama. "Tulitafuta heshima yake. Ungekuwa hapa, ungetafuta nini?"

Nikaokota kikombe kimoja, nikafukuza nzi, nikakirudisha chini. Hilo pia ninaliandika, musifikiri koko wenu ni mutu wa majibu.

Sasa ninyi wa leo mutasema: pombe ni pombe, mutu anakunywa, anakojoa, imekwisha. Kwetu Bushi, inchi ya babu zetu, hapana. Pombe ikiletwa na watu wenye kosa, ikiwa imezibwa na jani bichi, hiyo pombe iko na maneno ndani. Ukitoa jani, umefungua masikio. Ukikunywa kikombe cha kwanza, umesamehe. Ukimaliza bidon, neno limekwisha, na mwenye kulirudilia, njo yeye anaonekana mubaya. Babu zetu hawakuwa na karatasi. Pombe njo ilikuwa karatasi, na tumbo njo lilikuwa kabati ya kuiweka. Watoto wangu walikuwa wametia sahihi kwa koo.

Nikamukuta mujukuu wangu nyuma ya jikoni, anachambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa anachambua jani moja moja kama mutu mwenye hataki ikwishe. Nikakaa kwenye jiwe.

"Mbona hukuniambia?"

Akaendelea na sombe.

"Ninakusemesha."

"Niliogopa, koko."

"Uliogopa ule mutu?"

"Yeye niliogopa siku moja," akasema. "Wewe ninakuogopa kila siku."

Vijana, nimepigwa maishani. Nimepigwa na bwana, nimepigwa na njaa, nimekimbia vita na mutoto mugongoni. Lakini lile neno lilinikuta nimekaa, sina pa kukimbilia. Mutoto wangu alikuwa amebeba ule muzigo peke yake katika nyumba yangu, anapika ugali wangu, anafua vikwembe vyangu vya kujifunga, sababu uso wangu ulikuwa mukali. Niliona haya mupaka nikashika sombe nikaanza kuchambua naye, mikono ipate kazi.

Kisha nikamuuliza kile hakuna mutu alimuuliza. "Wewe unataka nini?"

Alinitazama kama nimesema Kizungu.

"Sitaki kwenda kwake," akasema. "Na hii mimba siitaki. Kama hamutanisaidia, iko wasichana wanajua dawa ya kunywa."

Nilijua hiyo dawa. Kila mama wa Kadutu anaijua. Iko na majani, iko na sabuni, iko na vidonge vya kununua kwa mutu mwenye hajui hata kusoma karatasi ya vidonge. Nilikwisha kuosha maiti ya musichana moja mwenye kunywa vile, wa avenue ya tatu, mama yake akisali rozari nje. Nikaona mikono ya mujukuu wangu juu ya sombe, nikaona ile maiti.

Miye niko mukatolika. Nilibatizwa, nikaolewa kanisani, niko katika kikundi cha mamans wa parokia na ninavaa kikwembe chake. Sikufundishwa kama mimba inatolewa. Mupaka leo neno hilo likinitoka, mudomo unakuwa muzito. Lakini asubuhi nikamushika mukono tukatoka. Nilimuambia twende kwanza kwa kituo cha misioni, kule nilizoea. Infirmiere, muuguzi wa pale, mama wa umri wangu, alisikiliza yote, akafunga mulango, akasema, "Hapa kwetu hapana, wewe unajua. Lakini musimupeleke kwa watu wa majani." Akatuonyesha kituo kingine, kidogo, juu karibu na njia kubwa. Alituonyesha na kidevu, hakunyoosha kidole.

Daktari wa kule alikuwa kijana mwembamba. Alisema na mujukuu wangu peke yake kwanza, miye nikabaki nje. Hilo lilinichokoza. Kisha akaniita.

"Koko," akasema, "mutoto huyu anaweza kusaidiwa. Lakini ujue vile inchi yetu iko. Iko na sheria mbili. Kitabu cha zamani kinasema mwenye kutoa mimba na mwenye kutolewa, wote gereza. Kisha wakubwa wa inchi za Afrika walikutana Maputo, wakaandika mukataba juu ya haki za wanawake, na Kongo ikaukubali. Ule mukataba unasema kama ni kubakwa, kama ni mutu wa jamaa yake, kama mimba inaharibu afya ya mama ao inataka kumuua, munganga anaweza kuitoa. Na mukataba iko juu ya kile kitabu."

"Basi mbona unasema chini chini kama mwizi?"

Akacheka kidogo. "Sababu polisi wa hapa anajua kitabu. Mukataba hajausoma."

"Na Maputo iko wapi?"

"Mbali, koko. Msumbiji, kando ya bahari."

Watu wa kando ya bahari, wenye hawajakanyaga matope ya Kadutu hata siku moja, walikaa kwenye meza wakamufikiria mutoto kama wangu. Na wajomba zake, wenye walimubeba mabegani, walikaa chini ya paa yangu wakamukunywa.

Daktari alikuwa anamueleza vile itaendeka, pole pole, kama mutu mwenye kusema na mutu, wakati mulango ukasukumwa. Akaingia baba mudogo wa ule kijana wa zaabu, amevaa koti, na nyuma yake mutoto wangu mukubwa. Sijui nani aliwaambia. Avenue iko na macho.

"Daktari," ule wa koti akasema, "tunasikia hapa munataka kuharibu mimba yetu. Huyu ni bibi wa kwetu. Mambo ilimalizwa, pombe ilikunywewa."

"Huyu ni mutoto wa shule," daktari akasema. "Na alibakwa."

"Kubakwa!" Akacheka. "Muulize mujomba wake kama tulileta pombe ya kubaka."

Daktari akamutazama mutoto wangu. "Ni kweli, papa? Mulipokea?"

Mutoto wangu alikuwa anatazama ukuta, pale iko picha ya mama mwenye kunyonyesha. "Tulipokea," akasema. "Nilikunywa miye mwenyewe."

Daktari aliwangoja watoke. Kisha akarudisha kalamu mufukoni. "Koko, usikasirike. Sheria inasema kubakwa. Hawa wanasema ndoa. Wakienda polisi kesho, shahidi wao ni mutoto wako wa tumbo. Miye nitajibu nini? Niko na watoto. Mukamalize kwenu, hata kwa njia yenu ya kimila, kisha murudi. Lakini musikawie. Hii kitu haingojei mikutano."

Nilitaka kumutukana. Nikaangalia kiti chake chenye muguu moja imefungwa na kamba, nikaona naye ni mutu tu, kitabu cha zamani kiko juu ya shingo yake. Tukatoka. Njiani mujukuu wangu akauliza, "Basi ni hivyo, koko?" Nilikuwa ninamutafuta mama mukwe wangu kichwani.

Mama mukwe wangu alikuwa mutu mugumu, hatukupendana. Lakini alinifundisha mila yote, hata ile mbaya. Yeye njo aliniambia kama pombe yenye kukunywewa inaweza kurudishwa. Iko njia moja tu. Unatafuta pombe ya namna ile ile, unaijaza mupaka juu, unaziba mudomo na jani kavu. Jani bichi linaleta neno, jani kavu linaliondoa. Unaipitisha njia ile ile ilikuja nayo, muchana, jua likiwa juu, watu waone. Ukiificha, ukipita nyuma, ukienda saa ya giza, hujarudisha kitu, umepeleka zawadi. Na mwenye kuibeba ni mwanaume wa nyumba. Yeye aliona ikifanywa mara moja katika maisha yake, na ile jamaa ilichekwa miaka.

Nikaita watoto wangu.

"Pombe mulikunywa itarudi," nikasema. "Leo. Na jani kavu."

Mukubwa akashika kichwa. "Mama, unataka avenue yote itucheke?"

"Watawacheka."

"Muzee, baba wa ule kijana, ni jirani! Tunasali naye! Kijana wake alinipatia kazi kwa—"

"Njo hapo," nikasema. "Sasa umesema."

Mudogo akajaribu kwa upole. "Mama, ile ni mila ya zamani. Leo kuna tribinali ya kuhukumu, kuna avoka wa kututetea."

"Jana mulipokunywa, mila ilikuwa ya leo. Leo ya kurudisha, imekuwa ya zamani?"

"Siibebi," mukubwa akasema. "Miye baba wa watoto, nipite pale robine ya maji na jani kavu? Hapana, mama. Unisamehe."

"Na wewe?"

Mudogo akatazama kaka yake.

Nikachukua kitambaa changu cha kichwa nikakivingirisha kuwa kata.

Bidon tupu niliiosha miye mwenyewe. Nikaenda kwa mama mwenye kuuza kasiksi nyuma ya soko. Akaniuliza, "Koko, ni ya harusi ao ya kilio?"

"Ni ya kurudisha."

Akasimamisha kopo hewani. Alikuwa mutu wa Kabare, Bushi kwetu, anajua. Akaacha lile pipa alikuwa anachota, akafungua lingine la nyuma. "Basi lazima iwe kali kuliko yao," akasema. "Wasiende kusema umewarudishia maji." Jani kavu alilitoa kwenye paa ya jiko lake.

Bidon ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Shingo la muzee halikumbuki kama lilikuwa shingo la kijana. Nikashuka avenue. Jua lilikuwa juu, kama mama mukwe alivyotaka. Kwenye robine wamama walikuwa kwenye mustari na ndoo zao, kelele mupaka mbinguni. Nikasikia kelele inapungua, kama mutu anafunga maji pole pole.

"Koko, unaenda kuoza nani?" moja akaita, hajaona jani.

"Ninarudisha."

Maji yalikuwa yanamwangika juu ya ndoo yenye kujaa na hakuna mwenye alisogeza. Kisha ule mama mwenye midomo, kila robine iko na wake, akasema kwa sauti, "Rudisha, koko! Na ile walikwisha kukojoa, utairudisha na nini?"

Wakacheka. Wote. Miye pia mudomo ulitaka kucheka, ninyi mujue, sababu neno lilikuwa tamu. Lakini nilikuwa na bidon kichwani, mutu hawezi kucheka na bidon. Machozi yakanitoka badala yake, na sikuwa na mukono wa kuyafuta. Nilipita mbele yao hivyo: mama mukubwa wa parokia, mwenye kuwafundisha binti zao vile mwanamuke anakaa, uso maji, pombe juu. Nilijua kila mumoja sasa anajua kitu gani kilifanyika katika nyumba yangu na nani alikinywa.

Nyuma yangu nikasikia viatu kwenye mawe. Mudogo. Hakunipokea bidon. Alitembea tu nyuma yangu, hatua chache, kichwa chini. Mupaka leo sijui kama nimushukuru kwa kuja ao nimulaumu kwa ile mikono yake mitupu. Ninafanya yote mawili, inategemea siku.

Baba wa kijana alikuwa amekaa mulangoni kwake. Tulikuwa tumejuana tangu nywele nyeusi. Yeye njo alishusha sanduku la bwana yangu kaburini. Aliona jani kabla ya kuniona.

"Mama, hapana," akasema. "Hapana, hapana. Ile pombe ilikunywewa. Hii siipokei."

Nikashusha bidon mbele ya miguu yake. Pumzi ilikuwa imekwisha. "Walikunywa bila miye. Nyumba ile ni yangu. Na mutoto hakuulizwa."

"Tangu lini mutoto anaulizwa?"

"Tangu leo."

"Kijana wangu amekubali kumuoa! Unataka nini zaidi, mama? Unataka afungwe? Tuko jirani."

"Kama hupokei," nikasema, "nitatoa jani na kuimwanga hapa kwenye mulango wako. Nzi watakuja kushuhudia, na wale wa robine watakuja kuuliza nzi."

Akasimama. Sijui angefanya nini. Mudogo wangu alisogea karibu. Kisha pazia ya mulango ikafunguliwa na bibi ya muzee akatoka. Mama mwenzangu. Tumekaa banki moja kanisani tangu watoto wetu ni wadogo, yeye na miye tunaimba sauti ya chini. Hakunisalimia. Hakutazama bwana yake. Aliinama akashika bidon kwa mikono miwili, akaiinua kidogo, akaiweka ndani ya kizingiti. Ilikuwa imepokelewa.

"Wewe!" muzee akasema.

"Nyamaza," akamujibu. Kisha, bila kuinua macho kwangu, akauliza, "Anakula? Mutoto anakula?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa. Nikaona vile haya yangu haikuwa kubwa kuliko ya kila mutu. Yangu nilikuja nayo kichwani na nitarudi bila. Yake ilikuwa inalala ndani ya nyumba yake, inavaa saa ya zaabu.

Asubuhi yake tulirudi kwa daktari, mujukuu wangu, miye, na mudogo. Mudogo njo alisema, amesimama, kofia mukononi: "Daktari, nilikuwa kati ya wenye kukunywa. Imerudishwa, na wameipokea. Hakuna ndoa. Mutoto alibakwa, na miye niko tayari kulisema pale utaniita." Alitoka jasho kama mutu amepanda kilima. Daktari akamuuliza mujukuu wangu tena, yeye peke yake, kama njo anataka. Safari hii kubaki nje hakukunichokoza.

Nilikaa kwenye banki na rozari. Vidole vilishika shanga lakini sikujua nianze na fumbo gani. La furaha hapana. La uchungu, nilisikia kama ninamuibia Bikira Maria uchungu wake. Nikashika shanga tu. Kando yangu musichana moja alikuwa na mutoto mwenye homa, akaniuliza, "Koko, unangoja nani?" Nikamuambia, "Ninangoja mutoto wangu," na hilo halikuwa uongo.

Alitoka akitembea kwa miguu yake. Amechoka, rangi imemutoka, lakini muzima. Ninaandika tena: muzima. Daktari akatupa dawa na akasema arudi wamutazame. Hakuna polisi alikuja.

Musifikiri hadithi imekuwa nzuri kisha hapo. Ule kijana alirudi Luhwindja, na mupaka leo hakuna mutu amemushika. Tulipeleka neno kwa wenye sheria. Walituambia turudi, tukarudi, wakatuambia turudi. Na sasa vile muji wetu uko, na watu wa bunduki ndani yake, mutu hajui hata ni sheria ya nani njo inafanya kazi. Kule parokia, mama moja alihama banki nilipokaa. Miye mwenyewe, wakati wa komunyo, nilibaki nimekaa Dominika nyingi, wenzangu wakinipita magoti. Sijui Mungu ameandika nini juu yangu. Nitamuuliza nikifika. Lakini nikiwa ninafunga macho, kile kinaniunguza si kile kituo. Ni vile vikombe vyangu chini, na nzi ndani, na mutoto nyuma ya jikoni.

Mujukuu wangu alirudi shuleni. Hanisemeshi sana, hakuwa mutu wa maneno mengi. Lakini sasa ananibishia, juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya vile ninafunga kilemba. Ninajifanya kukasirika.

Ile siku tulirudi kutoka kwa daktari, jua lilikuwa bado juu. Mutoto wangu mukubwa alikuwa amekaa pale pale chini ya paa, kwenye kiti kile kile, na mabibi wa watoto wangu wanajifanya kufagia. Nikamulaza mujukuu wangu kwenye kitanda changu. Kisha nikasimama katikati ya kiwanja, pale bidon ilikuwa, nikaita kila mutu wa nyumba, hata wadogo.

Nikasema: "Toka leo, pombe ikiingia hapa kwa ajili ya mutoto musichana, yeye mwenyewe njo atatoa jani. Kama hajalitoa, hakuna mudomo unaigusa, hata ichache mupaka iwe siki. Vikombe vya wageni vitalala chini ya kitanda changu. Na wewe, mukubwa, simama. Chukua ndoo, uende robine, ukae kwenye mustari na wamama, umuletee mutoto maji ya kuoga. Na usipite njia ya nyuma."